Kurasa Alizozimeza Suvilla

Ukitaka kujua nani anasemwa huku bondeni, kanisani hutajua. Nenda kwa Suvilla Petersheim siku ya Jumatano, majira ya baridi, wakati mashamba yote ya Lancaster yamelala chini ya theluji na wanawake wa Kiamishi, Wakristo wasiotumia umeme wala magari, hawana pa kuipeleka mikono isipokuwa kwenye sindano, wala midomo isipokuwa kwa jirani. Utakuta vigari vya farasi vimejipanga uani, na sebuleni mfarishi mmoja mkubwa, blanketi la vitambaa vilivyounganishwa, umewambwa kwenye fremu ya mbao, wanawake wameuzunguka kama ndugu waliozunguka sinia la wali.

Mfarishi wa mwaka huo ulikuwa wa mnada wa kuchangia zimamoto, ule wa mwanzo wa machipuko ambao watu hununua farasi na majembe huku wamezama matopeni. Kila mtu alishona isipokuwa mwenye nyumba. Suvilla alikuwa mcheshi, mkarimu, kahawa haikauki birikani kwake, lakini Mungu hakumpa mkono wa sindano. Mishono yake, Bibi Malinda, mkongwe wao, alikuwa akisema, ni mirefu hata kidole cha mguu kinanasa. Basi walimpa kazi nyingine: awasomee.

Alisoma vitabu ambavyo Waingereza wanaandika kuhusu Waamishi. Waingereza, kwa watu hawa, ni yeyote asiye wa kwao, hata kama babu yake amezikwa hapo hapo Pennsylvania. Gari la maktaba ndilo lililovileta. Kila jalada lina msichana mwenye kofia nyeupe ya sala, kamba zake zinapepea, mashavu mekundu, na nyuma yake ngano. Ndani mna msichana huyo huyo anayesali, kijana mwenye mikono ya useremala, jaribu la imani, na mwishoni Mungu na kijana wanakubaliana. Wanawake walivicheka na hawakuweza kuviacha. Askofu hakuvikataza wala hakuvibariki. Mkewe, inasemekana, alikuwa amevimaliza vyote.

Siku hiyo kilikuwa kitabu kipya.

"Hebu mwone huyu," Bibi Malinda alisema, akilisogeza jalada mbali na macho yake. "Nyusi nyembamba kama uzi. Huyu akienda kukamua, ng'ombe atacheka."

"Bibi, acha tusomewe," alisema Lomie. Huyu ni mke wa mwana wa Suvilla, ameolewa juzijuzi, anakaa nyumba ya ng'ambo ya ua.

"Kwani nimemzuia nani? Asome. Mimi nasema tu atacheka."

Kwenye kona ya mfarishi, mahali penye maua magumu kushonwa, alikaa Arie Riehl. Alikuwa amepita miaka hamsini, hakuolewa, kila Ijumaa anauza achari sokoni. Yeye na Suvilla walikalia benchi moja tangu shuleni. Mishono ya Arie hakuna aliyeisema, kwa sababu hakuna aliyeweza kuiona. Maneno yake pia yalikuwa hivyo hivyo.

Suvilla alianza. Msomaji mzuri wa kusomea watu, macho yake hutangulia mdomo, na yake yalikuwa yakitangulia mistari mingi. Msichana wa kitabuni aliitwa Leah, na mama yake alikuwa amepanda safu ndefu za seleri nyuma ya ghala.

Wanawake wakatabasamu bila kuinua vichwa.

"Arusi hiyo," Lomie akasema.

Huku arusi hufungwa mavuno yakiisha, na wachumba hutangazwa kanisani majuma machache tu kabla. Hadi siku hiyo ni siri. Lakini wageni ni mamia, na wote lazima wale seleri, iliyopikwa kwa malai, na nyingine imesimamishwa kwenye glasi juu ya meza kama maua. Kwa hiyo bustani husema kabla shemasi hajasema. Ukiona safu zimezidi, unahesabu mabinti wa nyumba hiyo na unanyamaza, ukiweza.

Ndipo macho ya Suvilla yakafika chini ya ukurasa. Mchumba wa Leah alikuwa ameondoka kabla hawajatangazwa. Alikuwa amenunua gari akaenda Ohio, hakuaga. Mama wa Leah, asivumilie kuziona zile seleri zimesimama, alizikata zote akawalisha ng'ombe. Maziwa yakanuka seleri. Mtu wa kampuni ya maziwa alipokuja alifunua tangi, akanusa, akatikisa kichwa, akaondoka na lori tupu.

Hiyo haikuwa hadithi. Hiyo ilikuwa vuli ya ujana wao, yeye na Arie. Mwanamume aliitwa Sylvan Glick, na ng'ombe walikuwa wa baba yake Arie. Kila mwenye mvi kwenye fremu ile aliyajua hayo, na hakuna aliyewahi kuyataja, kwa sababu uchumba ule haukutangazwa kanisani. Kisichotangazwa hakikuwapo. Kama hakikuwapo, hakikuvunjika, na kisichovunjika hakipewi pole. Jumapili iliyofuata Arie alikuja kanisani, akakaa mahali pake, akaimba. Basi.

Na sasa alikuwa amekaa pale konani, sindano mkononi, na watu kumi na zaidi wakisubiri. Suvilla akisoma mstari mmoja mbele, vichwa vyote vitageukia kona ile.

"'Mama yake akachukua kisu,'" alisoma, sauti ikitafuta njia, "'akaenda bustanini, akazikata zile... kabichi.'"

"Kabichi?" Bibi Malinda alisimamisha sindano. "Si umesema seleri?"

"Na kabichi. Zilikuwepo zote mbili. 'Akazikata kabichi akawapa nguruwe.'"

"Kwa nini awape nguruwe?"

"Zilikuwa na wadudu."

Sebule ikapasuka kwa kicheko.

"Huyu mwandishi katoka mji gani?" Bibi Malinda aliuliza. "Arusi ya kabichi! Wageni watalala nje kwa ajili ya tumbo."

"Labda ndiyo sababu bwana arusi haonekani," Lomie alidakia. "Amekimbia harufu."

Wakacheka mpaka mfarishi ukatikisika. Arie peke yake aliinua macho, akamtazama Suvilla.

"Kabichi," alisema taratibu, kama mtu aliyeonja chupa ya achari iliyoharibika. Kisha akarudisha macho kwenye ua lake.

Suvilla aliruka kurasa, akatua kwenye ubatizo wa mtu mwingine kabisa, akasoma hapo mpaka ikawa saa ya pai.

Shida ilianza baada ya hapo. Lomie alivuka ua kabla vyombo havijakauka.

"Mama, niazime kitabu. Nataka kujua yule kijana alikwenda wapi."

"Nimekimwagia kahawa, mwanangu. Nakikausha."

"Basi nikikaushie mimi."

"Kitachanika."

Uongo ni kama sungura, ukimweka mmoja kibandani asubuhi unakuta familia. Suvilla alikificha kitabu kwenye droo ya cherehani, mahali ambapo hakuna mtu angedhani amewahi kufika. Kisha akaanza kutafuta mchawi. Nani alimwambia mwandishi? Alimshuku Bibi Malinda, ambaye ulimi wake haukuwahi kupata likizo. Akajishuku mwenyewe, maana naye alipenda kuongea na watalii sokoni, na hakukumbuka yote aliyosema. Mwisho aliona haidhuru. La maana lilikuwa Jumatano ijayo. Alipanga kumpeleka yule mchumba wa kitabuni Ohio kwa ajili ya mjomba mgonjwa.

Jumamosi, Arie alikuja peke yake. Alimfunga farasi, akaingia jikoni, akakaa bila kuvua shali.

"Suvilla, kabichi umezitoa wapi?"

"Zimo kitabuni."

"Hazimo. Nimekisoma kile kitabu kabla hakijapanda gari la maktaba. Mwenyewe aliniletea."

Suvilla, aliyekuwa akimimina kahawa, aliimimina mpaka ikafika mezani.

"Mwenyewe nani?"

"Mwandishi. Hununua viazisukari vyangu vya siki kila Ijumaa. Wenzake wote huuliza kama tuna umeme, kama tunapigwa. Huyu hakuuliza kitu. Siku moja mvua ilinyesha, soko tupu, akaniuliza kama niliwahi kuchumbiwa. Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza hivyo. Nikamwambia yote. Nikamwambia, andika ukitaka, ila ng'ombe usiwasahau."

"Arie! Ungeniambia mimi!"

"Wewe ulikuwepo." Arie hakupaza sauti. "Ulikuja kwetu juma lile lile. Maziwa yanamwagwa uani, ukakaa na mama ukazungumza habari za kuku wako."

Suvilla alitafuta kitambaa cha kupangusia meza. Kilikuwa begani mwake.

"Ningesema nini? Haikutangazwa. Nilidhani nikisema nitakutonesha."

"Wote mlidhani hivyo. Mlinihurumia mpaka nikawa sina kilichonipata. Nilikuja Jumatano najua ukurasa utafika. Nilikaa nikangoja. Nilitaka usomwe mara moja tu mbele ya watu, hata kama ni kwa jina la mwingine. Wewe ukaugeuza kabichi, na wakaucheka msiba wangu, na mimi nimekaa hapo nashona."

"Sasa unataka nifanye nini?"

"Usome kilichoandikwa."

"Watakutazama, Arie. Unamjua Malinda. Neno likishatoka mdomoni kwangu halirudi."

"Wanitazame."

"Na ukishindwa kuvumilia?"

"Nitatoka nje niangalie farasi. Si mara ya kwanza." Alisimama, akakaza shali. "Usiposoma wewe, nitamwomba Lomie. Ila yeye anasoma kama kuku anayedonoa."

Usiku wa kuamkia Jumatano Suvilla hakulala vizuri, asubuhi hakupika vizuri, na pai yake ya tufaha kavu ilishika chini. Wanawake walikuja wote, maana habari za arusi ya kabichi zilikuwa zimeshasambaa bonde zima. Hata wawili ambao kwa kawaida hawaji walifika. Arie alikaa kona yake.

"Kabla hatujaendelea," Suvilla alisema, "juma lililopita nilisoma vibaya. Kuna kurasa niliziruka. Narudi nyuma."

"Ulikunywa nini?" Bibi Malinda aliuliza.

"Narudi nyuma, Bibi."

Akasoma. Hakumtazama mtu. Alisoma kijana alivyoondoka, gari alilonunua, na kisu cha mama. Alisoma seleri, neno lenyewe, na ng'ombe waliojipanga kula bila kujua ni nini wanachokula. Alipofika kwa mtu wa kampuni ya maziwa anayefunua tangi na kunusa, sindano zilikuwa zimesimama pande zote za fremu. Lomie peke yake aliendelea kushona, maana wakati wa kisa kile hakuwa amezaliwa. Kisha naye akahisi kimya, akainua kichwa, akatazama wanakotazama wenzake.

Ilikuwa kama Suvilla alivyosema. Vichwa vyote viligeuka.

Arie hakutoka nje. Uso wake ulikuwa mwekundu mpaka kwenye ukingo wa kofia, lakini alikaa, mikono juu ya mfarishi, akatazamwa.

Suvilla aliweka kidole kwenye mstari aliofikia.

Bibi Malinda ndiye aliyesema. Aliweka sindano chini kwanza, jambo ambalo halikuonekana mara nyingi.

"Lori lile lilipita kwangu baadaye," alisema. "Dereva aliniambia. Nikaoka mkate niwaletee. Nikafika mpaka lango lenu, nikageuza farasi. Nilijiambia, nitasema nimeuleta kwa ajili gani? Mkate tuliula wenyewe." Akavuta pumzi. "Pole, Arie. Kwa ajili ya Sylvan. Na kwa ajili ya maziwa."

"Asante, Malinda."

"Nimechelewa kidogo."

"Kidogo," Arie alisema, na mtu mmoja upande wa dirishani akacheka, akajiziba mdomo, akagundua anafuta machozi.

Baada ya hapo ilikuwa kama mtu amefungua zizi. Mmoja alikumbuka kwamba mama yake alipanda seleri ya ziada mwaka ule awasaidie akina Riehl, na hakujua pa kuipeleka. Mwingine alisema Sylvan hakuwa na mikono ya useremala hata kidogo, banda la kuku alilojenga liliwaangukia kuku. Wa tatu akasema pole yake pia, haraka, kama mtu anayelipa nauli. Lomie akauliza maswali yote ambayo wakubwa wake hawakuuliza maisha yao yote, na Arie alimjibu kila moja: ndiyo, alimpenda, hapana, hakuandika, ndiyo, mama alilia, lakini zaidi kwa ajili ya tangi.

"Haya, soma basi," Bibi Malinda alisema mwishowe. "Tujue mwisho."

Suvilla akasoma. Theluji ilianguka kitabuni, Leah akasali, na mgane mmoja, mwanamume aliyefiwa na mkewe, mwenye watoto watatu na macho ya buluu akaja kuomba kuazima msumeno.

"Ehee," Lomie alisema.

"Huyo sikumwagiza mimi," Arie alisema. "Huyo kaongeza mwenyewe."

"Macho ya buluu na watoto watatu!" Bibi Malinda alipiga fremu kwa kastabini. "Nani atawafulia hao? Mrudishie msumeno wake aende."

"Bibi, Mungu ndiye aliyemleta."

"Mungu analeta, lakini kufua utafua wewe. Arie, ungemchukua?"

Arie alifikiri, uzi mdomoni. "Ningemwuliza kwanza kama anakula achari."

Wakabishana. Wengine walimtaka yule mgane, wengine walitaka aende zake, mmoja alimjua mgane wa kweli kule ng'ambo ya mto na akaanza kumweleza, kimo, shamba, na tabia za marehemu mkewe. Suvilla alisoma mistari mingine miwili na hakuna aliyemsikia. Akakifunga kitabu, akaenda jikoni kuteleka maji ya kahawa nyingine.