Kiapo cha Mwoka Mikate

Kila mwaka mpya wa Kiyahudi ulipokaribia, Zohara aliwakalisha watu wa nyumba yake jikoni, kila mmoja aseme alipokosea na analolitaka mwaka unaoingia. Mumewe Rahamim, mwoka mikate wa Ashdodi, alisema lilelile la miaka yote: atapunguza sukari. Hajawahi kuipunguza hata wiki moja. Mwaka huo zamu ya Zohara ilipofika, alifuta mikono kwenye aproni, akamkazia macho.

"Mimi namtaka mwanangu mezani kesho jioni. Hiyo sukari yako kula mpaka ikuchoshe."

Miaka miwili nyuma Asheri, mwanawe wa pekee, aliliacha tanuri la baba yake akafungua lake mtaa wa pili. Rahamim, kwa hasira, akaapa mbele ya wateja kwamba hatakula naye meza moja tena. Na mtu wa dini akishaapa, ameshajifunga. Basi sikukuu zote Zohara alipakua chakula cha mwanawe pembeni, akakipeleka mwenyewe kwa miguu. Mzee alikuwa mkaidi, hilo halifichiki, lakini kila mkewe alipotoka na kile chakula roho ilimuuma.

Njia ya kutokea ilikuwepo, naye aliijua. Asubuhi ya mkesha, baada ya sala, watu hufunguliwa viapo vyao. Unasimama mbele ya waumini wowote watatu walioketi kama waamuzi, unakitaja kiapo, unakiri kwamba unajuta, nao wanakufungua. Kesho yake Rahamim aliona haya, akasubiri sinagogi ipungue watu. Akasubiri kupita kiasi. Alipogeuka walikuwa wamebaki wawili tu: Ovadia mtunza sinagogi na fundi saa mmoja asiyesikia vizuri. Ovadia akatoka kutafuta wa tatu. Akarudi na Asheri, aliyekuwa mlangoni akishusha mikate ya sikukuu.

"Huyu ni mwanangu, hafai," Rahamim alisema.

"Kwenye viapo hata mwana anafaa," Ovadia alijibu. "Sema, mzee, nina kazi nyingi leo."

Asheri akakaa, baba yake akasimama. Rahamim alikitaja kiapo chake polepole, macho sakafuni, na ilibidi akirudie kwa sauti kubwa kwa ajili ya fundi saa. Aibu ilimjaa mpaka masikioni. Kilichobaki ni mwamuzi kumuuliza kama anajuta, na wale wawili wakamwachia Asheri.

"Unajuta, baba?"

"Tangu jioni ileile niliyoapa. Sikujua tu nianzie wapi."

Wakamwambia mara tatu kwamba amefunguliwa.

Rahamim akadhani yamekwisha, akaanza kukunja shali yake ya sala. Asheri akainuka, akamsogezea kiti.

"Kaa, baba. Na mimi ninacho changu. Niliapa sitakanyaga kwako mpaka uniite kwa mdomo wako."

Rahamim akakaa. Ovadia akamkumbusha kwamba sasa mwamuzi ni yeye, amuulize kijana kama anajuta. Rahamim hakumuuliza. Alimtazama mwanawe, aliyejaa unga mpaka kwenye nyusi.

"Hicho hakihitaji waamuzi," alisema. "Asheri, njoo nyumbani leo jioni. Ni mimi ninayekuita."