Sauti Iliyobaki Darasa la Saba

Kamati ya shule ilikaa kujitathmini katika chumba cha darasa la saba, kwa kuwa ofisi ya walimu ilikuwa imejaa mifuko ya saruji. Wanafunzi walitumwa kupalilia migomba. Wajumbe wakakaa kwenye madawati ya watoto, magoti yakigota mbao, wakanywa chai ya mdalasini na magimbi ya kuchemsha. Mwalimu mkuu, Irene, alisoma kipengele kimoja kimoja, nao wakakipa alama. Usafi wa mazingira wakaupa nzuri. Ushirikiano na wazazi wakaupa nzuri sana.

Walipofika kwenye kusoma, sauti ikatoka dawati la nyuma karibu na dirisha, ambako hakuna mtu aliyekaa.

"Mbu-zi a-li-po-fi-ka ng'a-mbo ya m-to," ikasoma, "a-li-mwa-mbi-a chu-i..." Ikaishia hapo.

Mwalimu Irene akaweka kalamu chini. "Nani huyo?"

"Mwanvita," akajibu mwalimu wa Kiswahili.

"Si tulishamwondoa?"

"Tulimwondoa yeye. Sauti haikutoka."

Mwenyekiti wa kamati, Bwana Sufiani, mnunuzi wa viungo anayevishusha soko la Kinole na kuvipeleka mjini, aliuliza huku akimenya gimbi kama sauti inaingia kwenye wastani wa shule. Hakuna aliyejua. Mwongozo haukutaja sauti. Wakakiacha kipengele hicho wazi, wakaendelea na vyoo.

Mwanvita aliondolewa baada ya mtihani wa majaribio. Alikuwa wa mwisho, na mwalimu mkuu hakutaka mtoto wa mwisho kwenye mtihani wa taifa. Siku hiyo alimkuta amesimama darasani anasoma habari ya mbuzi na chui, akamkatiza katikati ya sentensi.

"Inatosha. Chukua jembe lako uende nyumbani. Ukae huko mpaka wenzako wamalize mtihani."

Kwenye mahudhurio akaandikwa mtoro. Mwanvita alichukua jembe na sweta. Sauti yake, kwa kuwa haikuwa imemaliza sentensi, ilibaki pale imesimama.

Nyumba yao ipo chini ya shule, mahali ambapo upepo ukishuka kengele husikika. Mama yake, Pili, alikuwa anaanika pilipili manga kwenye jamvi. Alimwuliza mbona amerudi mapema. Mwanvita akafungua mdomo, ikatoka hewa tupu. Pili akamkagua kooni.

"Umeiacha wapi?"

Msichana akanyoosha kidole kuelekea shule.

"Kesho kaichukue. Isije ikanyeshewa."

Mambo hayo hutokea. Bibi yake Pili aliwahi kusahau kikohozi chake kule Mgeta, akakifuata baada ya mavuno ya viazi, akakikuta palepale alipokiacha. Kitu cha namna hiyo humrudia mwenyewe akifika kilipo, kama panga lililosahauliwa shambani.

Lakini kesho yake Mwanvita alirudishwa mlangoni mwa darasa, na keshokutwa pia. Siku ya soko alikaa Kinole na kapu la machungwa bila kuweza kutaja bei, wanunuzi wakajipangia wenyewe.

Ndipo Sufiani alipofika nyumbani, amevaa kofia mpya, akakaa barazani na baba yake Mwanvita, Mikidadi. Alikuja kwa niaba ya mdogo wake, Twalibu, aliyetaka kuoa.

"Binti yupo nyumbani," Sufiani akasema.

"Yupo."

"Angekuwa wa shule nisingethubutu kumtaja. Sheria kali, ndugu yangu, mtu unafungwa. Lakini si wa shule tena. Nilikuwepo mwenyewe tulipomtoa."

Mikidadi aliutazama mti wa mkarafuu wake. Sufiani ndiye aliyekuwa akinunua kila kilichotoka kwenye shamba lile. Wakakubaliana Ijumaa.

Pili alisikia yote kutoka jikoni. Alijua shehe atamwuliza msichana kama ameridhia, na alijua shehe hukichukuliaje kimya cha mwali. Asubuhi akamshika Mwanvita mkono, wakapanda shuleni.

Mwalimu Irene alikuwa uwanjani anaonyesha watoto jinsi ya kupaka mawe chokaa. Hakumwamkia Pili, ingawa Pili alimzidi umri kwa mbali.

"Nimefuata sauti ya mwanangu," Pili akasema.

"Sauti ipo kwenye mpango, mama."

"Mpango gani?"

"Wa kuboresha shule."

Ilikuwa kweli. Wajumbe walikuwa wamekaa tena. Kwa kuwa sauti iligoma kutoka, waliamua kiwango chake kiinuliwe. Kila asubuhi mwalimu wa Kiswahili alikaa nayo karibu na dirisha. Haikuwa na mgongo wa kuchapa, kwa hiyo ilimbidi aifundishe. Ikashika upesi.

"Mwache aingie akae pale dawatini pumzi moja tu," Pili akasema. "Itamrudia, tutaondoka."

"Akiingia ni mwanafunzi. Akishakuwa mwanafunzi, nitamtoa vipi tena?"

"Ijumaa wanamwoza. Hana cha kukatalia."

"Hayo ya nyumbani kwako. Hapa tunatathmini shule."

"Hapo ulipokanyaga ni shamba la bibi yangu. Ukoo wetu ndio uliowapa hapo mkajenga."

"Ndiyo maana kwenye mpango kuna uzio."

Sufiani, aliyekuwa kwenye veranda akihesabu makopo ya rangi, akacheka. "Dada Pili! Wenzio wanaomba Mungu mabinti zao wapunguze mdomo, wewe umepunguziwa bure unaufuata mpaka huku?"

"Na wewe mdomo wako ungebaki mahali, tungepumzika kijiji kizima," Pili akamjibu.

Watoto waliokuwa na brashi wakacheka. Mwalimu Irene akawaambia wapake mawe.

Wakati huo Mwanvita alikuwa amesimama chini ya dirisha. Ndani, sauti yake ilikuwa inasoma habari ya mbuzi, sasa bila kukata silabi, na vituo inavipumzikia. Akainuka kwa ncha za vidole, akauachamisha mdomo kwenye kizingiti. Mwalimu wa Kiswahili akafunga dirisha, kwa sababu kulikuwa na baridi.

Ijumaa wageni wawili wa tathmini walipanda kutoka wilayani kwa pikipiki. Sufiani aliwapokea, akaweka sahihi yake kama mwenyekiti, akaomba radhi kuwa ana shughuli ya kifamilia, akashuka.

Nyumbani wanawake wa upande wa Twalibu walikuwa wamejaa chumbani na kanga zao mpya. Mwanvita aliketishwa kwenye mkeka. Barazani walikaa wanaume. Shehe akaja mpaka mlangoni na mashahidi wawili.

"Mwanvita binti Mikidadi. Umeridhia tukuozeshe kwa Twalibu?"

Mwanvita akatikisa kichwa kushoto na kulia.

"Aibu hiyo," Sufiani akasema nyuma ya mashahidi. "Mwali mwenye adabu hakubali kwa haraka."

"Hataki!" Pili akasema.

"Sikukuuliza wewe, mama," shehe akamwambia kwa upole.

Pili akamgeukia mumewe, aliyesimama kando ya Sufiani. Mikidadi alikuwa anatazama bati la paa, pale linapovuja.

Shehe akauliza mara ya pili. Mwanvita akanyakua mwiko kwenye sufuria la wali lililowekwa pembeni, akaligonga kwa nguvu zake zote. Wanawake wakadhani ngoma imefunguliwa, wakapiga vigelegele, na mmoja akafunga kanga kiunoni.

Kule juu, mgeni mmoja alikuwa amefungua kitabu cha kusoma, akaomba mtoto yeyote asome. Mwalimu Irene akamchagua Raya, aliyekuwa amehamishiwa dawati la nyuma na kufundishwa kufungua na kufunga mdomo. Raya akasimama, akafungua mdomo, na sauti ya Mwanvita ikasoma.

"Mbuzi alipofika ng'ambo ya mto, alimwambia chui, 'Sitaki.'"

Mgeni akatazama kitabu. "Hapa wameandika 'Karibu.'"

"Huyu anasoma kwa kufikiri," Mwalimu Irene akasema.

"Ubunifu," mgeni akamwambia mwenzake, naye akaandika. "Hebu rudia, mwanangu."

"Sitaki," sauti ikasema kabla Raya hajafungua mdomo.

"Matamshi safi kabisa. Na wenzake wanaweza?"

Mwalimu wa Kiswahili akaliandika neno ubaoni kwa herufi kubwa, akalielekezea fimbo. "Darasa zima. Kwa sauti!"

"Sitaki!" darasa likasema.

"Sijasikia nyie wa huku ukutani."

"Sitaki! Sitaki!"

Upepo ulikuwa unashuka. Chumbani, shehe alikuwa anauliza mara ya tatu, na neno likaingia kwa dirisha, la watoto wengi kwa pamoja, na ndani yake sauti moja iliyozitangulia kidogo zile nyingine. Mwanvita akasimama. Akanyoosha kidole dirishani, kisha akakirudisha kifuani pake, kisha dirishani tena.

Shehe akasikiliza. "Watoto wa shule hii wanasoma vizuri siku hizi," akasema.

"Tumejitathmini," Sufiani akasema.

Shehe akangoja kidogo, kama dini inavyoelekeza. Kisha akawaambia mashahidi kwamba mwali amenyamaza, na kunyamaza kwake ndiyo ridhaa yake. Wakarudi barazani kushikana mikono.

Kule juu, watoto waliambiwa wajipigie makofi, wakajipigia.