Alama za Gottlieb Radtke

Mvua ilipoanza, Isolde Radtke alijua bila kutazama juu beseni lipi liende wapi. La bluu chini ya dirisha, sufuria kubwa karibu na jiko, ndoo miguuni pa kitanda cha mama yake. Vigae vipya vilikuwa vimepangwa uani mwaka wa tatu sasa, vinaota ukungu, kwa sababu ofisi ya urithi ilikuwa imepiga marufuku paa kuguswa. Nyumba ya fremu za mbao na matofali, iliyojengwa na Gottlieb, babu wa ukoo, mhamiaji Mjerumani aliyekuja Brazili kutoka Pomerania, haitengenezwi bila kibali. Na kibali chenyewe kilikuwa bado kinashughulikiwa.

Ijumaa hiyo mezani palikuwa na barua nyingine. Hii ilitoka ofisi ya barabara, jengo lile lile la ofisi ya urithi, ghorofa ya chini. Barabara inapanuliwa. Nyumba iondolewe kabla ya Jumatatu saa mbili asubuhi, la sivyo tingatinga litaiondoa.

"Nisomee tena," alisema mama yake, Wanda, mwenye miaka themanini na minne na macho yasiyoona ila ukungu.

"Ni ile ile, mama. Haijabadilika tangu jana."

"Basi nenda ukawaone. Na uvae viatu vya kanisani. Watu wa ofisini wanakuangalia miguu kwanza."

Isolde alipiga simu kiwanda cha taulo, akamwambia msimamizi kuwa jino linamuuma, akapanda basi kwenda mjini.

Bwana Jair wa barabara alimpokea vizuri, hata kahawa akampa. "Dada yangu, mimi sina ugomvi na nyumba yako. Ila mchoro umeshapita. Barabara haiwezi kupinda kwa ajili ya nyumba moja."

"Watu wa urithi wamenikataza hata kubadilisha kigae. Wewe unaniambia niiondoe yote."

"Ya juu yako juu, dada. Wapandie hukohuko."

Isolde akapanda ngazi. Bi Marilene wa urithi hakuwa na kahawa. "Ukiigusa, faini. Nyumba ya urithi inabaki palepale alipoijenga mwenyewe."

"Na tingatinga je?"

"Tunaweza kulizuia, ukituletea historia ya huyo babu yako. Alikuja na meli gani, mwaka gani, na hati yake ya kwanza ya shamba. Faili lenu lina picha mbili tu."

Isolde nusura acheke. Hakuna ukoo katika bonde lile usiojua karatasi za namna hiyo zilikwenda wapi. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, Kijerumani kilipopigwa marufuku kote Brazili na polisi wakawa wanapekua makabati, bibi yake alizika karatasi zote za Gottlieb ndani ya debe la mafuta ya nguruwe, nyuma ya zizi. Walipokuja kulifukua walikuta uji mweusi. Yaliyobaki ni maneno ya mdomoni: Gottlieb alikuwa seremala, alikuja na mke na shoka, akajenga nyumba hii, wala hakuhama tena.

"Serikali ndiyo iliyotufanya tuzike hati hizo," alisema.

"Hilo nalo lingehitaji maandishi," alijibu Bi Marilene, akafunga faili.

Aliposhuka, Bwana Jair alikuwa ameshakwenda kula. Fahali wawili wakipigana ziumiazo ni nyasi, lakini fahali hawa hata hawakuwa wanapigana. Walikuwa wakirushiana nyasi tu, kisha wanakwenda zao kula. Ndani ya basi Isolde alilia kwa hasira, waziwazi, asijali nani anamwona.

Nyumbani alimkuta fundi Arno Hass, seremala wa jirani, anakula mkate wa ndizi wa mama yake.

"Wanasemaje?"

"Wa chini anataka iondoke. Wa juu hataki iguswe."

Arno alitafuna taratibu, akapangusa midomo. "Basi tutaiondoa bila kuivunja."

Alichukua nyundo na kipande cha chuma, akagonga kigingi kimoja kwenye pembe ya jikoni. Kikatoka kizima, kikavu. Nyumba ile haikuwa na msumari hata mmoja kwenye fremu. Kila boriti ilikuwa na ulimi ulioingia katika tundu lake, na kando ya kila kiungo seremala aliyeijenga alikuwa amechonga alama ya kuonyesha kipi kinakaa na kipi.

"Huko juu kwenye shamba lenu la muhogo, barabara haifiki," alisema Arno. "Ni hatua arobaini. Niitie watu."

Jumamosi walikuja watu thelathini, wenye kamba, wenye ngazi, wenye sufuria za kupikia. Mambo ya msaragambo hayo, kila mmoja anajua kwamba kesho ni zamu yake. Wanda alikalishwa kwenye kiti uani na kazi ya kupokea vigingi. Wakabomoa matofali ukuta mmoja mmoja, wakashusha kenchi za paa, wakafungua nguzo. Hata mchungaji alifupisha mahubiri ya Jumapili, jambo ambalo siku zote lilionekana kuwa nje ya uwezo wake.

Kuta zilipofunguka ndipo Arno alipoacha kufanya utani. Alipita kwenye mbao zilizolazwa nyasini, akarudi, akapita tena.

"Isolde, njoo. Unaona mistari hii? Ni ya kwanza. Na hivi vinusu mwezi pembeni?"

"Si alama tu?"

"Nyumba ikijengwa mara moja, alama moja inatosha. Hizi ni aina mbili. Halafu tazama boriti sita za chini kabisa. Zina vinusu mwezi tu. Yaani za mwanzo zilioza, zikabadilishwa. Nyumba hii imewahi kufunguliwa na kujengwa upya."

Wanda alikuwa anasikiliza kutoka kwenye kiti chake. "Nileteeni moja."

Akapapasa boriti kwa vidole kwa muda mrefu. "Bibi yangu alikuwa anaiita nyumba iliyopanda kutoka mtoni," alisema. "Tulidhani anasema miti ililetwa kwa maji. Kumbe ni nyumba yenyewe. Bila shaka mafuriko yalimtoa Gottlieb kule chini, akaibeba."

Isolde alipiga magoti, akapapasa naye. Miaka yote walikuwa wamefundishwa kwamba babu yao alisimama mahali pamoja mpaka kufa, na kwamba kuhama ni aibu. Jumapili jioni, fremu imeshasimama upya juu shambani, vigae vipya vilianza kupanda paani mkono kwa mkono, na hakuna aliyeomba kibali.

Jumatatu saa mbili tingatinga lilifika likakuta mawe ya msingi na shimo la choo. Nyuma yake akaja Bi Marilene na fomu zake, akapanda mpaka shambani, viatu vimejaa udongo.

"Nilikwambia ibaki alipoijenga Gottlieb Radtke."

"Hakuijenga pale," alisema Isolde, akamwonyesha nguzo. "Aliijenga mtoni, akaihamisha mwenyewe. Historia uliyoitaka ndiyo hii."

Bi Marilene aligusa vinusu mwezi. "Hii haiingii kwenye faili."

"Ipige picha."

Akaipiga. Akapiga na ya pili. "Faini itakuja vilevile, Bi Isolde. Si mimi ninayeamua."

"Ije. Mwambie anayeileta apande hatua arobaini."

Bi Marilene alipokwisha kushuka, Wanda akauliza kutoka mlangoni, "Zetu mmeshaweka?"

"Zetu zipi, mama?"

"Alama. Wekeni za tatu, kubwa, zisomeke. Ofisi zile bado zipo, na watakaofukuzwa baada yetu ni wajukuu zetu. Wasije wakahangaika."

Isolde alichukua patasi mkononi mwa Arno, akaanza na nguzo ya pembeni.