Diski Nne za Kampuni ya Shamba

Jumanne saa tatu asubuhi, kwenye ofisi ya kampuni ya shamba, ghorofa ya pili nyuma ya soko la Nakuru, fundi Chelimo alifungua seva akakuta diski ya tatu imekufa. Alipoingia kwenye mipangilio ndipo moyo ukamshuka. Aliyefunga mashine hiyo aliiweka RAID 0, yaani diski nne zinagawana kila faili vipande vipande, nafasi tele, akiba hakuna. Moja ikifa, zote ni makopo tu.

Katibu wa kampuni, Bwana Kimaiyo, alisema ndiye aliyeagiza hivyo, alitaka nafasi. Madaftari ya zamani alikuwa ameshayachoma, maana enzi ya karatasi ilikwisha. Kuna watu wana ujasiri, wallahi.

Iliyopotea ni rejista ya nani ana ploti gani kule Njoro, kwenye shamba ambalo wanachama walilinunua pamoja. Wapima ardhi walikuwa waje Alhamisi, na ploti isiyo na jina ingechukuliwa. Mama yake Chelimo alikaa ploti 214. Karatasi yao ya kura, iliyochomolewa kwenye kofia siku ya kugawana shamba, ilikuwa kwenye mfuko wa koti alilozikwa nalo baba. Chelimo aliogopa sana, lakini kazi ni kazi. Aliweka diski mpya, akafuta mpangilio ule wa ovyo, akapanga RAID 6, ambayo hata diski mbili zikifa kwa mpigo hakuna kinachopotea. Akaongeza ya tano ikae akiba. Rejista ikafunguka nyeupe pe, bila jina hata moja.

Saa tano wenye ploti wakaanza kufika. Waanzilishi wote walikuwa wameshafariki, kwa hivyo walikuja wafu. Owuor, askari wa mlangoni, aliwaandikisha kwenye kitabu cha wageni na kudai vitambulisho kama kawaida. Wawili waliokuja mikono mitupu aliwarudisha. Wakaenda, wakarudi navyo, viatu vimejaa udongo, naye akawaonyesha pa kufutia miguu.

Foleni ilifika kwenye ngazi. Kila mmoja aliweka karatasi yake juu ya seva, jina lake likarudi kwenye rejista, akalisoma, akaondoka. Baba yake Chelimo naye aliweka yake, akauliza kama mama bado anakamua ng'ombe mwenyewe. Chelimo alisema ndiyo. Alipoona 214 kwenye skrini alishusha pumzi, machozi yakamtoka. Mzee akamwambia asicheleweshe watu.

Wa mwisho alikuwa Celestine, aliyefia barabarani akipelekwa Nakuru kujifungua. Alikuwa amembeba mtoto. Kura yake aliichomoa kwa niaba ya wanachama wote, nayo ilisema ploti 12, zahanati. Skrini ikaandika hivyo hivyo. Kimaiyo aliweka soda yake chini, akainamia kibodi, akafuta neno zahanati na kuandika jina lake mwenyewe.

"Ndivyo ilivyokuwa kwenye mashine kabla haijafa," akasema. "Sevu, madam."

"Karatasi ni hii hapa, Bwana Kimaiyo," Chelimo akamwambia.

"Sevu, ama niite fundi mwingine afute zote tuanze upya."

Chelimo aliitazama 214, akasevu. Celestine alichukua karatasi yake, akamfunika mtoto vizuri, akashukuru kwa kazi nzuri. Owuor akamwandikia saa ya kutoka.

Chelimo alimpigia mama simu. "Ploti yetu iko, mama. Hakuna wa kututoa."

Mama alishukuru Mungu kwa sauti mpaka majirani wakaja kuuliza kuna nini. Chelimo alicheka peke yake pale ofisini, mwili mzima umelegea kwa raha. Mzigo ulikuwa umemtoka.

Kabla ya kufunga kazi aliijaribu mashine jinsi mafundi wanavyofanya. Alichomoa diski moja, halafu ya pili, akafungua rejista. Jina la baba lilikuwepo kwenye 214. La Kimaiyo nalo lilikuwepo kwenye 12, wala halikutikisika. Akarudisha diski zote mbili, akahakikisha zimekaza.