Maji ya Samaki wa Mkurugenzi

Nikodemo alikuwa amezamisha mkono mpaka kiwikoni ndani ya tangi la vioo, akisugua utelezi wa kijani kwa mswaki mkuukuu, mkurugenzi aliposimama nyuma yake na kumuuliza kama samaki wana raha.

"Sijui, bosi. Hawajasema."

Mkurugenzi Octavian akacheka, na Nikodemo akajua kuna shida, maana asipokuwa na shida bwana huyu hakuwa mtu wa kucheka na tarishi. Samaki wanne wekundu wakapita mbele ya mswaki, midomo inafunguka na kufumba kama ya watu waliokosa la kusema mkutanoni. Nikodemo aliwadharau tangu siku ya kwanza. Bibi yake kule Mvumi aliwaita samaki nyoka wa majini, na akiwaona sokoni alitema mate na kubadili njia. Leo mjukuu wake, mtu mzima wa miaka hamsini na mitatu, ndiye yaya wao.

Tangi lenyewe lilizaliwa na semina. Octavian alipelekwa Ulaya wiki tatu kujifunza namna ya kubana matumizi ya serikali, akarudi na hamu ya kufuga samaki ofisini. Likawekwa mapokezi, pale palipokuwa na benchi la wananchi. Benchi likatolewa nje, na wananchi nao wakatolewa nje, juani. Ilikuwa miaka ya soko huria. Kila kitu kiliruhusiwa kuingia nchini, na wakubwa wa Dodoma waliona aibu kukutwa hawana kilichotoka nje.

Samaki wa kwanza walikufa siku hiyohiyo. Wa pili walijitahidi, wakafika siku ya tatu. Kundi lililofuata alikabidhiwa Nikodemo, na tangu hapo hakufa hata mmoja. Ofisi nzima ikaamini mzee ana utaalamu. Yeye aliwaambia kwamba maji anayafuata kwenye chemchemi, mbali huko upande wa Makutupora, na kila Jumanne akaruhusiwa kuondoka na baiskeli na madumu mawili matupu. Alikwenda kunywa kahawa. Maji aliyachota bomba la uani, akayaacha wazi kwenye ndoo ndani ya stoo ya karatasi, yakalala siku mbili mpaka ile dawa wanayotia kwenye maji ya mji ikaisha yenyewe. Hata hilo hakulivumbua kwa akili. Alisahau ndoo wakati wa Pasaka, basi.

"Mzee Nikodemo," mkurugenzi alisema, "tunataka kununua mashine ya kusafisha maji. Kwa ajili ya hawa."

"Hawa wazima, bosi."

"Ndiyo tatizo." Octavian akatazama mlangoni, akashusha sauti. "Ijumaa kamati ya manunuzi inakuja kuamua. Wakiwakuta wanacheza hivi, watauliza mashine ya nini. Asubuhi hiyo wabadilishie maji. Tia ya bombani, moja kwa moja. Halafu kuna karatasi utasaini, kama mtunzaji."

Nikodemo akautoa mkono majini. Ulichuruzika sakafuni, na mkurugenzi akasogeza kiatu chake.

"Unajua ile orodha ya kupunguza wafanyakazi iko mezani kwangu," Octavian akaendelea, kwa upole wa mtu anayemsaidia mwenzake. "Matarishi mko wawili. Anatakiwa mmoja. Sasa tuelewane, mzee wangu."

Siku ya pili yake alitumwa dukani kwa Jiten, karibu na soko la Majengo, kuchukua karatasi ya bei. Jiten alikuwa Mhindi mzaliwa wa Dodoma, mfupi, asiyeweza kukaa na neno moyoni. Aliitoa mashine kwenye boksi na kuipangusa vumbi: mtungi mweupe, mpira wake, na kifaa cha kuifungia kwenye bomba.

"Ya nyumbani hii, mzee. Familia ya watu sita. Nani anakunywa huko ofisini kwenu?"

"Samaki."

Jiten akamtazama, akaangua kicheko mpaka akashika kaunta. "Samaki! Mkurugenzi wako alikuja juzi na futi ya kupimia. Ameuliza kama itaingia chini ya sinki ya jikoni. Samaki wenu wana jikoni?"

Ofisi haikuwa na sinki wala jiko. Nikodemo alikunja karatasi ya bei, akaitia mfukoni, akaondoka bila kuaga. Hakushangaa. Kilichomuudhi ni uvivu wa mtu yule. Hata kuiba alitaka afanyiwe na tarishi.

Jioni alifika nyumbani Ihumwa na dumu lake nyuma ya baiskeli, kama alivyofika kila jioni kwa miaka ishirini na miwili. Maji ya kisima chao yalikuwa ya chumvi. Ukipikia chai, maziwa yanakatika. Ya kunywa aliyatoa ofisini, bomba lilelile la uani. Mkewe Yasinta aliyapokea, akayamimina mtungini taratibu, asimwage hata tone, huku akimsikiliza mpaka mwisho.

"Saini, Baba Anyesi," alisema. "Samaki ni samaki. Wewe ukipunguzwa, nani atakupa kazi na mvi hizo? Na Anyesi amebakiza mwaka mmoja tu amalize shule."

"Nimesema nakataa?"

"Hujasema. Lakini nakujua ukinuna."

Alisema kweli. Nikodemo alitafuta moyoni mwake huruma kwa wale viumbe wekundu, hakuikuta. Walikula vizuri kuliko matarishi na hawakufanya lolote. Waende zao. Alilala vizuri, bila mawazo.

Ijumaa asubuhi akachota ndoo bombani. Maji yalinuka dawa mpaka puani. Aliifikisha mapokezi, akaitua kando ya tangi, na mkurugenzi akamletea karatasi pamoja na kalamu yake mwenyewe, ile ya dhahabu ambayo hakuna mtu aliyewahi kuazimwa.

"Hapo chini tu," alisema. "Fanya haraka, wako kwenye ngazi."

Angesaini bila kusoma, mambo yangekwisha. Lakini tarishi aliyebeba barua za watu miaka ishirini na miwili bila kuruhusiwa kuzifungua hawezi kuiona iliyo wazi akaiacha. Akasoma. *Imethibitika kuwa maji ya bomba la ofisi hii hayafai kwa kiumbe hai chochote.*

Akarudia, kidole kikifuata mstari. Kiumbe hai chochote. Akamwona Anyesi, aliyelelewa kwa dumu lile tangu uji wa kwanza. Akamwona Yasinta anavyomimina. Hasira ikampanda polepole, kuanzia magotini. Huyu bwana ameona maji wanayokunywa wao kila siku, ameyakataza kwa viumbe, na hakukumbuka hata kidogo kwamba kuna watu wanayanywa! Laiti angewatukana kwa makusudi. Kumbe hata kuwafikiria hakuwafikiria.

Kamati ikaingia, watu watatu, mbele yao Mama Elieth, mhasibu, mwanamke mnene mwenye miwani iliyofungwa kwa kamba. Nikodemo akaiweka kalamu juu ya karatasi, akaenda kuleta sinia la chai, kwa kuwa hiyo pia ilikuwa kazi yake.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mama."

"Wewe ndiye mtunzaji? Tunaambiwa maji haya yanawaua."

Samaki wanne walikuwa wazima, wanazunguka. Mkurugenzi aliitazama ndoo iliyojaa sakafuni, kisha akamtazama Nikodemo, na uso wake ukabadilika.

Nikodemo alichukua kikombe kimoja kwenye sinia, akakizamisha ndani ya tangi, katikati ya samaki, akanywa. Akanywa mpaka tone la mwisho, bila haraka, koo likipanda na kushuka mbele ya kamati.

"Ni ya bomba la uani," alisema. "Yanalala siku mbili kwenye ndoo, dawa inaisha. Chemchemi hakuna, nilidanganya. Utaalamu hakuna. Mtu yeyote mwenye ndoo anaweza."

"Hata mimi?" aliuliza Mama Elieth.

"Hata mkurugenzi, akifundishwa."

Mjumbe mmoja alikohoa. Mama Elieth alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Octavian akaichukua kalamu yake taratibu, akaifunga kifuniko.

"Tutaonana mchana, Mzee Nikodemo."

"Ndiyo, bosi."

Akakipangusa kile kikombe kwa kitambaa cha mezani, akakirudisha miongoni mwa wenzake. Vyote vilikuwa vya ofisi, vyeupe, mstari mmoja wa buluu. Akamimina chai ya maziwa, akaweka sukari, akampelekea kila mtu chake, mkurugenzi wa kwanza, kama ilivyo desturi. Kisha akasimama kando ya mlango, mikono nyuma, akisubiri vyombo.

Hakuna aliyenyanyua kikombe. Wakubwa wanne waliinamisha macho, kila mmoja akichunguza cha kwake, kisha cha jirani, mpaka chai ikaanza kushika utando.