Kundi la Pili

"Bana, Mama Lasmini. Bana kwa nguvu zako zote."

Lasmini alibana. Alibana mpaka jasho likamtoka puani, mpaka mguu wa kushoto, ambao haukuwa na kazi yoyote pale, ukakanyaga sakafu. Kipini cha chuma kilikaa kiganjani mwake kama kilivyowekwa. Mshale wa kipimo ulitetemeka, ukagusa nne, ukarudi.

"Nne tena," alisema Ratri, msichana wa vipimo, akaandika. "Tutaonana mwezi ujao."

Miaka ishirini na sita Lasmini alisokota sigara za karafuu katika kiwanda kimoja pale Kudus, mji wa Indonesia. Vidole vyake vilikuwa vikifanya kazi huku yeye akipiga soga bila hata kuvitazama. Kiharusi kilimkuta palepale kwenye benchi, sigara nusu, karatasi ikiwa bado imemganda kidoleni, kikamlegeza mkono wa kulia. Msimamizi alimwambia kiti chake kitamngoja hadi sikukuu ya Idi, lakini asirudi bila barua ya hospitali inayosema mkono umepona.

Ndipo hospitali ilipotangaza utafiti wa kurudisha nguvu za misuli. Alijiandikisha, akachagua bahasha moja kwa bahati nasibu. Ndani yake iliandikwa: kundi la pili. Akapewa karatasi yenye picha za mtu anayeinua mkono huku akicheka, akaambiwa aje kupimwa kila mwezi. Miezi mitatu alidhani kule kubana ndiyo tiba yenyewe.

Siku ile, kwenye benchi la nje, alikaa na Sukesih, muuza mboga za mchuzi wa karanga, ambaye kiharusi kilikuwa kimemlegeza mkono wa kushoto.

"Wewe wanakuvutisha mpira wa rangi gani?" Sukesih aliuliza. "Mimi nimeshapandishwa kwenye mwekundu. Mgumu huo, acha tu!"

"Mpira gani?"

"Wa mazoezi, shoga. Si tunakuja mara tatu kwa wiki?"

Lasmini alimwonyesha ile karatasi. Sukesih alianza kucheka kwa jinsi yule mtu wa pichani alivyokenua, halafu kicheko kikamwishia.

"Kesho njoo kwangu," alisema.

Jikoni kwake walikata mpira wa tairi la pikipiki, wakaufunga kwenye mguu wa meza. Sukesih alimfundisha kila alichofundishwa: vuta, shikilia, hesabu mpaka kumi, achia polepole. Lasmini alipolia kwa maumivu, mwenzake alimtania, "Lia, lakini usiachie. Meza yangu haina haraka." Baada ya wiki tatu aliweza kukamua kitambaa. Wiki ya nne aliokota karatasi ya sigara juu ya meza, akaizungusha, ikakaa. Mbaya, imepinda, lakini ilikaa. Sukesih aliitia mdomoni akajifanya kuivuta, wakacheka mpaka machozi.

Siku ya kipimo mshale ulipita kumi. Ratri alipima tena, akabadilisha kifaa, akapima mara ya tatu. Kisha akamwita Daktari Hendarto, mwenye utafiti.

"Hongera, mama," daktari alisema, akivuta kiti. "Umefanyaje?"

Lasmini alijaa furaha. Akaeleza yote: tairi, mguu wa meza, hesabu mpaka kumi. "Mwalimu wangu ni Sukesih, wa kundi la kwanza. Mungu ambariki. Bila yeye ningekuwa vilevile."

Daktari alivua miwani.

"Mama, kundi la pili halifanyi mazoezi haya. Ndiyo maana ya kundi la pili."

"Lakini mkono umepata nguvu, daktari."

"Ndilo tatizo lenyewe. Sasa nitalinganisha nini na nini?"

"Basi nitieni kundi la kwanza."

"Huwezi kuhama. Itabidi utoke. Na huyo Sukesih naye. Alitia sahihi kwamba hatafundisha mtu."

"Sukesih hana kosa. Mtoeni mtu mmoja, mnitoe mimi!"

"Utaratibu, mama. Sikuutunga leo."

Lasmini alitazama mkono wake uliolala juu ya paja. Akauliza kwa sauti ndogo, "Na barua yangu ya kiwandani? Idi ni wiki ijayo."

"Barua tunawapa waliomaliza utafiti." Daktari alishasimama. "Ratri, mpe fomu."

Ratri alimsomea haraka, macho kwenye karatasi: mimi mshiriki najitoa katika utafiti huu kwa hiari yangu mwenyewe, bila kushurutishwa na mtu.

"Mbona inasema najitoa?"

"Ndiyo fomu iliyopo, mama. Hakuna nyingine."

Kalamu iliponyoka mara mbili kwenye vidole vilivyokuwa vimebana kupita kumi. Ratri akafungua kidau cha wino, akaushika mkono ule wa kulia, akakichovya kidole gumba na kukikandamiza juu ya mstari. Aliushikilia mpaka wino ukaingia vizuri. Kisha akampa tishu.

"Samahani, mama," alinong'ona.

Akachukua fomu nyingine kwenye droo, akaiweka mezani, akaenda kufungua mlango.

"Mama Sukesih, karibu."

Sukesih aliingia akitabasamu, ameshakunja mkono wa blauzi hadi begani, tayari kwa mazoezi.