Pini ya Gurudumu la Mkiani

Kwa miaka tisa, Okumu ndiye rubani pekee katika kampuni yao pale Juba aliyeaminiwa kurusha ndege yenye gurudumu mkiani. Ndege za aina hiyo ni tukutu wakati wa kutua: miguu ikizubaa kidogo kwenye pedali, mkia hutaka kutangulia na ndege nzima ikageuka. Kisha akaja Lilly, binti wa mtaa wa Hai Malakal aliyekulia ukimbizini Uganda. Haukupita mwezi, akawa anaitua kwa utulivu hata mafundi wakaacha chai wamtazame.

Okumu alimpongeza kwa mdomo. Siku aliyomsikia fundi Laku akisema hajaona miguu myepesi vile, aliisukuma sahani yake kando.

Jumatano moja alirudi kutoka Yei akahisi mkia unacheza. Aliposhuka akapenyeza kidole, akagusa pini inayofunga lile gurudumu lisigeuke ovyo: imelika. Kesho yake ilikuwa zamu ya Lilly. Okumu akafunga kitabu cha hitilafu bila kuandika neno.

Siku hiyo Lilly alirudi huku upepo wa ubavuni ukivuma. Aligusa lami vizuri, kisha pua ikavutwa kushoto, ndege ikazunguka, mguu mmoja wa ndege ukakunjika na bawa likaburuzika chini. Alikuwa peke yake. Okumu alifika wa kwanza, akamkuta anavuja damu kwenye paji la uso, na kabla ya hofu kumwingia, alifurahi. Furaha ile ilimtisha.

Ofisini, Lilly alimweleza meneja Saturnino kwamba kosa ni lake, miguu ilichelewa. Laku akamshika bega na kumwambia, “Malesh, pole, Kapteni.” Hata kwa kuanguka alipendwa! Okumu aliona wivu hata kwa hilo.

“Si miguu yake,” akasema. “Pini ilikuwa imelika. Nilijua tangu jana, nikanyamaza.”

Lilly akamgeukia. “Kwa nini, kaka?”

“Nilitaka uaibike kidogo tu.”

Okumu alifukuzwa siku hiyohiyo. Sasa anauza vipuri vya bodaboda katika soko la Konyo Konyo. Ndege ilipotengenezwa, Lilly alimfuata pale dukani, kovu likiwa bado jekundu, akamuuliza alivyokuwa akiukabili upepo wa ubavuni. Hakusema kama amemsamehe. Okumu alimweleza yote, hakubakiza kitu, akimwonyesha kwa miguu yake chini ya meza jinsi ya kukanyaga. Kisha akamtazama akiondoka kuelekea uwanjani, wivu ukiwa bado unamchoma.